Mkono wa Mwalimu Mapovu

Msikilizaji wangu, ukitumbukiza uso wako kwenye beseni la maji, unafanya nini kwanza? Unaibana pumzi, au unaitoa?

Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka nikaumbuka. Nilisema naibana, nani asiyejua hilo? Mwanamume mmoja mwenye mabega kama kabati akanitazama kwa huruma. Akasema, "Basi bibi, wewe ungezama siku ya kwanza."

Mwanamume huyo ni mchomeleaji wa vyuma. Jibu sahihi alifundishwa na mtu ambaye leo hatunaye. Mama huyo ndiye tunayemkumbuka asubuhi hii, wasikilizaji wapendwa. Watu walimwita Mwalimu Mapovu. Alikuwa mwalimu wa kuogelea. Alifariki Jumanne iliyopita, saa moja na nusu asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Moyo ndio uliochoka.

Vuta kiti, weka chai yako karibu. Nakuonya mapema, habari hii ina mahali pa kukata pumzi.

Mwalimu Mapovu hakuanza kazi akiwa mwalimu. Alianza na brashi. Alikuwa na miaka ishirini alipoajiriwa kusugua vigae vya bwawa la kuogelea, lile la klabu ya wafanyakazi, lenye urefu wa mita ishirini na tano. Saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa ameshakunja suruali hadi magotini. Alijua kila kigae. Alijua kipi kimepasuka na kipi kinateleza. Kabla ya mlango kufunguliwa, aliingia upande wa kina kifupi, akashika ukingo kwa mkono mmoja, akajifundisha mwenyewe yale aliyowaona makocha wakifundisha mchana. Hakuna aliyemwelekeza. Alijifundisha.

Makocha wa wakati ule walitaka watoto tu. Mtu mzima, walisema, ana maneno mengi. Unamwambia laza kichwa, anakuuliza kwa nini. Basi watu wazima wakaachiwa mfagiaji. Na mfagiaji akawapenda, kwa sababu ya maneno yao hayo hayo.

Miaka kumi na mitano iliyopita wakaanza kuja watu wa aina mpya. Walikuja na viatu vya kukimbilia na saa kubwa mikononi. Walitaka kushiriki triathloni. Kwa asiyejua, hayo ni mashindano ya michezo mitatu kwa mpigo: unaogelea, unapanda baiskeli, unamalizia kwa kukimbia. Baiskeli wanaiweza. Mbio wanaziweza. Mtu ana miguu ya kumaliza kilomita ishirini bila kuhema, lakini ukimwonyesha maji yanayomfika kifuani anashika ukuta kama mtoto anavyoshika sketi ya mama yake.

Mwalimu aliwachukua kwa siku tatu za kwanza, na siku hizo tatu hazikubadilika hata mara moja.

Siku ya kwanza hakuna kuingia bwawani. Unapiga magoti ukingoni mbele ya beseni. Beseni la kawaida, la kuoshea nguo. Unatia uso ndani na unatoa pumzi kidogo kidogo kwa pua na mdomo, mapovu yapande. Ukiinua uso, unavuta hewa. Basi. Saa nzima. "Anayezama si aliyekosa hewa," alikuwa akisema. "Ni aliyekataa kuitoa ile ya jana." Hapo ndipo jina lake lilipotoka.

Siku ya pili, kulala juu ya maji. Kichwa kikipanda, miguu inashuka. Kichwa kikilala, miguu inapanda. "Wewe ni mzani," aliwaambia. "Ukiona miguu inazama usiilaumu miguu."

Siku ya tatu, mkono. Hapa nisikilize vizuri, kwa maana habari yote imesimama hapa. Alisimama kando yako majini, akaweka kiganja chake chini ya tumbo lako, akakutembeza. Wewe unapiga miguu, unavuta mkono wa kulia, unavuta wa kushoto, unatoa mapovu. Yeye anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Akifika nne, anautoa mkono. Hakuambii. Anautoa tu.

Mchomeleaji wetu, ambaye bwawani walimpa jina la Chuma kwa jinsi alivyokuwa akizama, alinisimulia siku yake ya tatu.

"Nilikwenda, bibi, nikaenda, nikajiona kama meli. Nikasimama kuvuta hewa. Nikasema, Mwalimu, leo mkono wako mwepesi kweli! Nikasikia sauti kutoka upande wa pili wa bwawa: Mkono upi?"

Watu mia nne na zaidi, wasikilizaji wapendwa. Daftari lake liko, nimeliona. Wauguzi, madereva, makarani, mwashi mmoja, hakimu mmoja. Wote walipewa mkono siku ya tatu, na wote ulitolewa kwa hesabu ya nne.

Wote isipokuwa mmoja. Binti yake.

Mwalimu alikuwa na mume na binti mmoja tu. Mume ni fundi wa baiskeli, na mji mzima unamwita Fundi. Karakana yake iko mtaa wa pili kutoka bwawani. Ni chumba kimoja chenye magurudumu yaliyoning'inizwa darini na harufu ya grisi. Binti alipokuwa na miaka sita, kila akitoka shule alikwenda kwa mama yake bwawani. Siku moja mama alikuwa majini, mkono wake chini ya tumbo la karani wa posta, anahesabu. Moja, mbili, tatu. Mtoto akateleza kwenye kigae upande wa kina kirefu, akatumbukia.

Hakuna aliyesikia. Mtoto anayezama hapigi kelele. Mwanafunzi aliyekuwa anajifuta na taulo ndiye aliyegeuka, akaona sketi nyekundu chini ya maji, akaruka na nguo zake.

Mtoto alikohoa, akalia, akapona. Lakini kuanzia kesho yake hakukanyaga tena bwawani. Mama alikataza. Alasiri zake zote zikahamia karakana ya baba. Alijua kuziba pancha kabla ya kujua kugawanya kwa tarakimu mbili. Akakua, akawa muuguzi wa wodi ya watoto, akawa mwendesha baiskeli ambaye wanaume walimkwepa barabarani wasiaibike.

Sasa, miezi minne iliyopita, Jumatatu saa kumi jioni, binti huyu, akiwa na miaka thelathini na mitatu, aliingia kwenye lango la bwawa. Kofia mpya kichwani, kibandiko cha duka bado kinaning'inia. Akapanga foleni na wanaoanza.

Chuma alikuwepo. Anasema Mwalimu alimwona, akalitazama daftari, akalitazama tena.

"Umemfuata nani hapa?"

"Nimemfuata mwalimu. Nimejiandikisha triathloni ya ziwani. Zimebaki wiki kumi na moja."

"Kuna kocha mwingine asubuhi."

"Mama, mimi ni namba saba. Ita namba saba."

Akaiita namba saba. Angefanyaje?

Siku ya kwanza, beseni. Siku ya pili, kulala juu ya maji. Siku ya tatu, mkono. Moja, mbili, tatu, nne. Tano. Sita. Wenzake wakaacha kupiga miguu, wakawa wanatazama. Saba. Nane. Wakafika mwisho wa bwawa, mkono bado uko pale pale.

"Kesho," alisema Mwalimu.

Kesho ikaja, mkono haukutoka. Wiki ikaisha. Wiki ya pili ikaisha. Wenzake walioanza siku moja naye, namba tano na namba nane, walikuwa wanaogelea mita mia wenyewe, wanajifunza kuinua macho kila baada ya mikono sita ili kuona wanakoelekea. Namba saba bado anatembezwa kama mkokoteni.

"Mwalimu," Chuma alimtania, "mimi ulinitupa siku ya tatu! Huyu una mpango naye gani, umpeleke hadi ziwani mkononi?"

Mwalimu hakucheka. Alikuwa mtu wa kucheka, lakini hakucheka.

Kila alipojaribu kuutoa, binti alilegea, miguu ikashuka, akameza maji. Na mkono ukarudi haraka. Wiki ya tatu. Ya nne. Ya tano.

Wiki ya tano ndiyo iliyoleta jambo jingine. Mwalimu alikuwa anapanda ngazi za bwawa, zile sita tu, akaketi kwenye ya nne. Akasema anapumzika. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Binti ni muuguzi, hakuhitaji kuambiwa. Walifika hospitali wakiwa bado na nguo mbichi. Daktari akasema mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri. Akaandika dawa za aina tatu, akampangia upasuaji baada ya miezi miwili na nusu. Akasema haya, nami nayarudia kama nilivyoyapata kwa Fundi: asiingie maji ya baridi, asibebe kitu, asishtuliwe.

Asishtuliwe. Lishike neno hilo.

Mkono ukatoka hivyo. Haukutoka kwa hesabu ya nne. Ulitolewa na daktari.

Mwalimu aliendelea kufundisha akiwa amekaa kwenye benchi, blanketi magotini, mpini wa fagio mkononi akigonga sakafu kuhesabu. Na hapa kuna ajabu ambayo wakati ule hakuna aliyeisemea. Siku ya pili tu bila mkono, binti alivuka bwawa zima. Siku ya nne alikwenda na kurudi. Baada ya wiki mbili alifanya mita mia tano bila kusimama, mapovu yamepangika, kichwa kimelala. Wenzake walipiga makofi. Mwalimu aligonga fagio, akasema, "Kiwiko juu zaidi."

Lakini bwawa si ziwa, wasikilizaji wapendwa. Bwawani kuna mstari mweusi chini, unaufuata. Kuna ukuta kila baada ya mita ishirini na tano, unaugusa. Ziwani hakuna mstari. Unatia uso unaona kijani, halafu kahawia, halafu hakuna. Mwalimu aliwazoesha wanafunzi wake kwa njia zake. Aliwafumbisha macho kwa mikono sita, kisha wafumbue na kutafuta ndoo nyekundu aliyoiweka ukingoni. Aliwasongamanisha watu watano kwenye njia moja, wapigane viwiko, ili siku ya mashindano wasidhani wanauawa. Hata hivyo, kila mmoja lazima aende ziwani mara moja kabla ya siku yenyewe.

Binti alikwenda Jumapili, wiki mbili kabla, na baba yake tu. Mama alibaki nyumbani na dawa zake.

Fundi ndiye aliyeniambia, na aliponiambia alikuwa anazungusha kikombe mezani bila kunywa. "Alikwenda mita arobaini, bibi. Nilizihesabu kwa macho. Halafu akasimama wima majini. Hapana pa kusimama, lakini yeye anataka kusimama! Kichwa juu, mikono inapiga maji kama anafukuza nyuki. Mimi nilikuwa ukingoni, sijui kuogelea. Mume wa mwalimu wa kuogelea, sijui kuogelea! Nikampigia kelele, lala chali! Lala chali! Sijui hata nililitoa wapi. Akalala chali, akarudi kwa miguu. Akafika akatapika kwenye majani."

"Mkasemaje nyumbani?"

"Tulisema maji yalikuwa mazuri."

Unaona mtego wenyewe? Mama asishtuliwe. Kwa hiyo mama asijue. Na kwa kuwa hajui, siku ya mashindano atakuja kutazama. Fundi alimwomba binti ajitoe. Alimwomba wakiwa karakanani, akiwa ameshika gurudumu alilokwisha kulinyoosha.

"Mwanangu, sema mguu unauma. Sema kazini wamekunyima ruhusa."

"Baba, nikijitoa atajua."

"Ajue nini?"

"Atadhani alinifundisha vibaya. Hilo ndilo litakalomwua."

Fundi akajaribu upande wa pili. Akamwambia mkewe abaki nyumbani, jua kali, kelele nyingi. Mkewe akamtazama. "Watu mia nne nimewatazama wakiingia ziwani," alisema. "Leo wangu ndiye nisimtazame?"

Basi ikafika siku yenyewe. Jumamosi, saa mbili asubuhi. Ziwa limetulia, lakini rangi yake nzito. Maboya matatu ya rangi ya chungwa, yamepangwa pembe tatu. Mita mia saba na hamsini. Muda wa mwisho wa kutoka majini dakika thelathini na tano, baada ya hapo unatolewa kwa boti. Wanawake walikuwa thelathini na wanane, wote kofia za waridi. Mwalimu aliketi kwenye kiti cha plastiki hatua sita kutoka kwenye maji. Fundi nyuma yake, mkono kwenye bega la mkewe, saa mkononi. Chuma alikuwa amejitolea kukaa kwenye mtumbwi mdogo wa uokoaji, ule wa kumfuata wa mwisho.

Filimbi ikalia.

Unajua namna maji yanavyochemka ukitia mchele? Ndivyo walivyoingia. Viwiko, visigino, povu. Kofia za waridi zikawa kundi, kundi likawa mstari, mstari ukakatika vipande. Huwezi kujua ipi ni ya wako.

Dakika kumi na nne, wa kwanza akatoka. Fundi akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Kumi. Kumi na tisa. Ishirini na saba. Kila kofia ya waridi ilipoinuka alisimama kwa vidole vya miguu, halafu akashuka.

"Niliwaangalia wawili kwa pamoja," aliniambia. "Jicho moja ziwani, jicho moja kwenye kifua cha mke wangu. Naangalia blanketi. Linapanda? Linashuka?"

Thelathini na tano. Thelathini na sita. Dakika ishirini na sita. Akatoka mama mmoja mnene, anacheka na kulia. Thelathini na saba.

Halafu hakuna.

"Wamebaki wangapi?" Mwalimu aliuliza.

"Wengi tu."

"Fundi. Umeanza uongo uzeeni?" Hakugeuka. "Amebaki mmoja. Na mimi nahesabu."

Kumbe na yeye alikuwa anahesabu.

Kilichokuwa kinatokea kule mbali, Chuma ndiye shahidi. Kwenye boya la tatu binti alisimama wima, vile vile kama siku ile. Chuma akausogeza mtumbwi. "Shika hapa, dada. Kupumzika kunaruhusiwa. Kanuni zinaruhusu!" Binti alitikisa kichwa. Macho ndani ya miwani yalikuwa makubwa, anasema Chuma, kama ya mtu anayesikiliza kitu. Akageuka chali. Akatazama juu.

"Nikamsikia anahesabu. Kwa sauti, bibi. Moja, mbili, tatu, nne. Halafu hakusema tano. Alirudi kwenye moja. Mara nyingi, sijui mara ngapi. Nilikuwa na filimbi mdomoni. Nikiipuliza tu, boti inakuja, amekwisha. Niliiuma filimbi ile mpaka ikaacha alama kwenye ulimi. Halafu akajigeuza, akatia uso majini. Nikangoja. Nikaona mapovu."

Ufukweni hawakujua. Waliona nukta ya waridi imesimama. Dakika ishirini na nane imesimama. Ishirini na tisa imesimama. Mwendesha boti akawasha mashine. Fundi alihisi bega chini ya kiganja chake limekuwa gumu kama ubao, akataka kumziba mkewe macho, hakuthubutu.

Halafu nukta ikasogea.

Dakika thelathini na tatu na sekunde arobaini, wasikilizaji wapendwa, binti aliigusa ardhi. Akasimama, akayumba. Na Mwalimu, aliyekatazwa maji ya baridi, alikuwa ameshatoka kitini, ameshaingia ziwani hadi kwenye vifundo vya miguu, sketi inaloa. Alinyoosha mkono. Binti akanyoosha wake. Kati yao ilibaki nafasi ya kupita kitabu.

Mwamuzi akapaza sauti: "Mama, usimshike! Ukimshika anatolewa!"

Ndiyo kanuni. Asiye mshindani hagusi mshindani. Mwalimu aliijua, aliwafundisha watu kanuni hiyo miaka kumi na mitano. Mkono ukabaki hewani. Akaurudisha, akauficha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

Akasema, "Kichwa! Ulikuwa unainua kichwa!"

Watu wakacheka. Binti naye akacheka, akapita akikimbia kuelekea kwenye baiskeli. Kwenye baiskeli aliwapita kumi na wanne. Akamaliza.

Mwalimu hakushtuka, moyo wake haukusimama siku ile. Alirudi nyumbani, akala, akalalamikia kikombe kilichooshwa vibaya. Walipata siku ishirini na nne zaidi. Jumanne iliyopita aliamka, akaketi ukingoni mwa kitanda kuvaa soksi. Alivaa moja. Fundi alikuwa anamletea maji ya dawa. Upasuaji ulikuwa umebakiza siku tisa.

Nilikwenda kwao Ijumaa na kinasa sauti changu. Sebule ndogo, viti vinne, daftari la wanafunzi mezani, kofia ya waridi imetundikwa kwenye msumari. Fundi alinisimulia yote haya, binti amekaa pembeni, anatazama mikono yake. Mwishoni Fundi alisema jambo ambalo naona alikuwa hajamwambia mtu.

"Wiki ile ya pili, Mwalimu alirudi nyumbani akaniambia, Fundi, tumbo la mtoto ni jepesi. Nikamwuliza maana yake nini. Akasema, anayezama ana uzito, mkono unaujua. Huyu mkono wangu haubebi kitu. Ameshajua kuogelea. Nikamwambia, sasa si uutoe? Akasema, ndiyo. Kesho nitautoa. Kila siku alisema kesho."

Binti hakuinua uso. Nami sikumwuliza. Kuna maswali ambayo mwenye umri wangu anajua kuyameza.

Kwako Fundi, mume wa marehemu, na kwako binti yetu, redio hii yote inawapa pole. Pole kwa Chuma na kwa wote mlio kwenye daftari lile. Mlishikwa na mkono mwema, na mlipoachwa mlikwenda. Mungu ampe marehemu pumziko, na awape nyie pumzi ndefu.

Nanyi mnaonisikiliza, nawaomba jambo dogo tu. Yuko mtu nyumbani kwako ambaye mnafichana kitu kwa sababu ya kupendana. Yeye anajua, wewe unajua, kila mmoja anasema kesho. Likumbuke tu unapofua, unapotwanga, unapoendesha gari. Likumbuke.

Nilipokuwa natoka, binti alinisindikiza hadi mlangoni. Nilikuwa nahangaika na mkoba wangu. Akakiona kinasa sauti.

"Bibi, hiyo mashine bado inasikia?"

"Inasikia, mwanangu. Niizime?"

"Iache." Akaegemea mlango. "Ni kweli, nilijua kuogelea tangu wiki ya pili. Nilikuwa nalegea makusudi. Nikiwa mtoto nilikuwa nikitoka karakanani, nachungulia kwenye matundu ya ukuta wa bwawa, namwona amemshika karani, amemshika dereva, amemshika mtu asiyemjua hata jina. Mji mzima huu umeshikwa na mama yangu. Sikutaka ziwa, bibi. Triathloni ningeifanya au nisingeifanya, sawa tu. Nilitaka na mimi anishike."